Tuacheni peke yetu hata saa moja

Ndugu Mhariri,

Asalaam aleikum, habari za kazi. Mi msomaji wa gazeti lenu wa siku nyingi, nalipata jioni mwanangu akishamaliza kurasa za mpira, na sijawahi kuandika barua gazetini, hii ndo ya kwanza, imenitoka kwa sababu ya barua ya msomaji mwenzangu mliyoitoa humu majuzi. Yule ndugu kaandika vizuri tu, anaonekana ana huruma na watu wazima na namshukuru, ila kuna mahali kasema mzee au mjane akianza kupenda kutembea peke yake, anaondoka asubuhi bila kuaga vizuri anarudi mchana na hana cha kuonyesha alichofuata, basi familia ijue hapo kuna tatizo, itakuwa msongo wa mawazo au akili zimeanza kuyumba, na wamtafutie mtu wa kukaa naye muda wote. Muda wote! Nilicheka mpaka mwanangu akauliza mama unacheka nini, nikampa asome, akasoma hadi mwisho akakunja gazeti akakaa kimya, nikajua kumbe na yeye yuko upande wa yule ndugu.

Basi naomba nafasi nimjibu, na nikimjibu yeye nitakuwa nimewajibu wanangu, wifi zangu, majirani, na wale vijana wa bodaboda wa pale kijiweni ambao kila nikipita wanaangaliana.

Mi nipo Bagamoyo, nimezaliwa hapa, mama yangu mtu wa Kaole. Huko ndo ninakotembea, kwenye mikoko ya Kaole, na ndo huo msitu wenyewe ninaosemwa napotelea. Watu wa bara ukiwaambia msitu wanafikiria milima na miti mirefu, sie msitu wetu maji yanauingia na kuutoka kila siku, saa nyingine ukifika haupo, unaona vichwa tu vya miti juu ya maji, unageuza unarudi nyumbani.

Kwanza yule ndugu aelewe nyumba zetu zilivyo. Nyumba yangu ni ya kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Kimoja changu, vingine vya wanangu na familia zao, vilivyobaki nimepangisha. Alfajiri tu kuna mtu anachota maji, kuna mtu anakuna nazi, mtoto analia hataki shule, simu inaita ni mwenzangu wa kikoba anakumbushia hisa, redio ya mpangaji wa chumba cha mwisho ina mawaidha na ya chumba cha mbele ina singeli, zote kwa wakati mmoja. Sehemu pekee yenye komeo ambayo unakaa mwenyewe ni choo, na huko nako dakika tano haziishi mtu anagonga, bibi uko humo? Niko humu, niende wapi. Silalamiki jamani, nyumba yenye watu ni baraka na nyumba tupu ndo ya kuogopa. Ila mtu ambaye hajawahi kutafuta robo saa ya kufikiria jambo moja mpaka mwisho wake akaikosa, hawezi kunielewa nasema nini.

Alafu mume wangu akafariki, Mungu amrehemu, nikaingia eda. Kwa wasiojua, eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, hutoki isipokuwa kwa dharura, hujipambi, hujitii manukato, umekaa. Kabla ya hapo nilikuwa nadhani kukaa eda ni kukaa mwenyewe, mtu na mawazo yake. Wallahi tangu nizaliwe sijawahi kuwa na watu wengi kiasi kile. Walikuwa wanakuja kwa zamu. Asubuhi wa uji, mchana wa ubwabwa, jioni wa Yasini, usiku wifi yangu kalala na mimi kitanda kimoja anakoroma. Kila nikiinamisha kichwa kidogo mtu anasema subira bibi, muombee dua, kazi ya Mungu haina makosa. Na wana haki, msiba ni watu, wasingekuja ningewasema mpaka leo. Lakini nilikuwa na vitu vyangu vya kufikiria, vingine si vya kusema mbele za wifi, maana mtu umeishi naye miaka yote ile ana mazuri yake na ana na yale mengine, na nilikuwa na hasira naye kwa jambo moja ambalo hatukulimaliza, kulikuwa na kipande cha shamba la minazi aliuza bila kunishirikisha. Sasa hasira na marehemu utaifanyia wapi, ukumbini?

Eda ilipoisha nikaoga, nikavaa, na kabla ya kuzunguka kuwasalimia ndugu na kuwashukuru, ambayo ndo ilikuwa inatakiwa, nikapanda bodaboda mpaka Kaole nikashuka nikaingia kwenye mikoko. Sikupanga. Yule kijana wa boda akaniuliza bi mkubwa unasubiriwa na nani huko, nikamwambia na kaa. Tangu hapo naenda mara kwa mara na ndo huku kote tulikofika, mpaka gazetini.

Kutoka mjini hadi Kaole ni kama kilomita 5, unapita minazi unafika kijijini alafu unakutana na magofu. Magofu wengi wanayajua, misikiti ya tangu karne ya 13, makaburi yenye nguzo ambazo zamani zilipachikwa bakuli za Kichina, kisima cha maji baridi hatua chache tu kutoka kwenye maji ya chumvi, na ule mbuyu ambao watalii wanaambiwa wauzunguke waongeze umri. Wanazunguka kweli, watu wazima na kofia zao. Kitu ambacho wageni wengi hawaulizi ni kwamba wale waliozikwa pale walikuwa na bandari hapo hapo mbele yao, majahazi yanatia nanga, watu wanashusha mizigo. Leo ukisimama pale makaburini ukitazama upande wa bahari, bahari huioni, unaona mikoko. Mchanga na tope vilijaa, mikoko ikaota juu yake, majahazi yakashindwa kusogea, na taratibu biashara na watu vikahamia Bagamoyo. Kwa hiyo mi nikitembea mule natembea juu ya bandari ya watu, pale ninapokwepa tope labda kuna mtu alisimama na bidhaa zake anagombania bei. Hili nimelifikiria sana. Sitasema limenifundisha nini, halijanifundisha kitu, ila linanifurahisha, mji mzima una haraka na shida zake na madeni yake, alafu ukaja mti ukakaa hapo.

Njia ninayopita ni ile ya mama. Alikuwa ananichukua utotoni kuokota tondo, wale konokono wa matopeni, na kuni kavu, na alikuwa haongei sana, ananionyesha mti anataja jina na kazi yake tunasonga. Ukitokea nchi kavu unaanza na mchu. Mizizi ya mchu imechomoza juu ya tope kama misumari iliyopigwa kutokea chini, maelfu, kwa sababu tope la kule halina hewa na mti lazima upumulie mahali. Mama alinifundisha kulamba jani la mchu, lina chumvi, mti unakunywa maji ya bahari alafu chumvi unaitoa kwa kupitia majani, jua likishapiga unaona mpaka punje zake. Bado nalamba. Mtu mzima naangalia huku na huku nalamba jani.

Ukiendelea unaingia kwenye mkandaa na msinzi, hapo panabana kidogo na usubi wanauma si mchezo, alafu ndo mkoko wenyewe ule wenye miguu mingi ya kuinama, na mwisho kabisa kwenye maji ni mlilana. Magome ya mkandaa yalikuwa yanatia rangi na kulainisha ngozi. Mlilana mafundi wanautaka kwa mataruma, yani mbavu za mashua. Mkoko na mkandaa ndo boriti, na boriti za pwani hii zilipakiwa kwenye majahazi miaka na miaka kupelekwa Uarabuni na Ghuba kwa watu wasio na miti. Hata zile nyumba za Mji Mkongwe wetu ukiingia ukatazama juu dari zimebebwa na boriti, na ndo maana vyumba vyake ni vyembamba, upana wa chumba ni kadiri boriti inavyofika, si kwamba wazee hawakupenda nafasi. Nilikaa kwenye chumba cha hivyo mwanzoni nilipoolewa, nyumbani kwa baba mkwe, usiku nahesabu boriti kwa kukosa usingizi. Siku moja nipo mule mikokoni nikainua macho nikacheka, nikasema kumbe nimekuja kwenu.

Yule ndugu anaweza kudhani naenda kutafuta ukimya. Hamna ukimya kule. Maji yakikupwa tope lote linalia, pa, pa, pa, kuna kamba wadogo kwenye mashimo wanafyatua gando, alafu ndege, alafu tumbili wanagombana wakishuka kutafuta kaa, alafu upepo ukitoka kusi majani yote yanasugua. Kelele zipo tele ila hamna hata moja inayonitaka nijibu. Kuna wale kaa wadogo ambao dume ana gando moja kubwa na moja dogo, anasimama mlangoni kwa shimo lake anapunga lile kubwa, anapunga, anapunga, anaita jike, majike yanapita yanakula tope lao hayana habari. Nimewatazama hao muda mrefu kuliko nilivyotazama tamthilia yoyote. Na kuna samaki vidogo vyenye macho juu ya kichwa vinaruka ruka kwenye tope vinapanda mizizi, samaki kabisa, vipo nje ya maji vinakuangalia.

Na mbegu za mkoko. Mkoko mbegu yake inaota ikiwa bado imening'inia kwa mama yake, inarefuka inapita shibiri, siku ikiwa tayari inadondoka, maji yakiwa yamekupwa inachoma tope inasimama hapo hapo, yakiwa yamejaa inaelea inakwenda kutafuta pa kukaa. Mi nina mtoto wa miaka 34 bado yuko juu ya tawi, na ndo huyu huyu anayesema nitapotea.

Kingine watu hawajui ni kwamba mule huwezi kutembea haraka. Mizizi hairuhusu. Kila hatua unaangalia chini, unajaribu tope kwanza, unashika tawi, unainama, unasubiri. Simu huwezi kuishika, mikono yote ina kazi, na mtandao wenyewe wa kusuasua. Barabarani nikitembea naweza nikawa natembea huku nahesabu hela ya vitumbua na kumjibu mtu kichwani, mikokoni hapana, dakika za mwanzo kichwa chote kiko kwenye miguu, na sijui inakuwaje, ukija kushtuka lile jambo lililokuwa linakusumbua limekaa peke yake mbele yako bila yale mengine yote, unaliona lote. Lile la shamba nililimalizia mule. Si kwa siku moja. Nilikuwa nafika kwenye mlilana mwisho kabisa, nasimama, namwambia marehemu kwa sauti, ndio kwa sauti, yule ndugu angenisikia angeita gari la wagonjwa, namwambia ulifanya hivi na hivi, alafu namjibia na yeye maana namjua angesemaje, angesema mama yake alikuwa anaumwa na hela ya matibabu ingetoka wapi, nikampa nafasi akajitetea mpaka mwisho, sikumkatiza. Na bado nilimshinda. Nikarudi nyumbani nimeshinda, nikala vizuri, nikalala, na tangu hapo namuombea dua bila kinyongo. Sasa hilo ningelifanya na mtu wa kukaa naye muda wote?

Mwanangu hoja yake kubwa ni usalama na muda, mama utasahau saa. Mwanangu, mi saa yangu ni maji. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanakupwa mbali mnamo saa nne asubuhi na saa kumi jioni yamejaa mpaka juu, hizo ndo siku zangu, naingia saa tatu yakiwa yanatoka na kabla ya saa sita nimeshageuza. Kesho yake yanachelewa karibu dakika 50, kesho kutwa tena, mpaka unafika wakati wa maji mafu, mwezi nusu, hapo hayakupwi vya kutosha na mi nakaa nyumbani nakaanga vitumbua vyangu. Mtoto wa pwani hafundishwi hayo na hana haja ya kuyaangalia kwenye simu. Maji yakianza kurudi hayaji na wimbi, yanaanza kujaa kwenye vijito nyuma yako polepole, unasikia tu zile pa, pa, pa zinapungua, hapo hakuna mjadala, unatoka. Sasa niambieni, ni wapi pengine hapa mjini ambapo mtu anatolewa kwa wakati kiasi hicho? Harusini hawatoki.

Sisemi kila mtu aingie tu. Asiyejua maji asiende, mgeni aende na mwenyeji, na avae viatu vya kufunga kwa sababu chaza wanakata. Na tope lina harufu ya mayai viza, hilo nalo mjue, ni majani yanayooza pasipo na hewa, ukirudi nalo nguoni nyumba nzima inajua ulikuwa wapi. Kwa hiyo hata kuficha sifichi.

Kinachochosha ni maelezo. Mtu mzima mwanamke akienda mahali peke yake lazima awe na sababu ambayo watu wanaikubali. Ukisema unafuata kuni, sawa. Tondo, sawa. Ukisema unatembea tu, wanasubiri useme ukweli. Nimeshaambiwa nafuata dawa. Nimeshaambiwa nina mizimu ya Kaole inaniita. Wanawake wenzangu wao wana lao, wakiniona narudi na tope miguuni wanaimba kwa mafumbo, mkoko ndo kwanza unaalika maua, yani nina mchumba huko. Kwa umri huu na usubi wale, huyo mchumba angekuwa amenipenda kweli kweli. Na kuna siku mtu wa doria alinisimamisha akataka kuona kikapu, nampa haki yake, mikoko ni hifadhi kwa sheria na kukata bila kibali ni kosa, na boriti zinaibiwa, najua, sikukasirika hata kidogo, nikafungua kikapu akakuta chupa ya maji, kashata na kanga ya kukalia. Akatazama kikapu akanitazama mimi. Akaniuliza sasa mama umefuata nini? Ningekuwa na panga angenielewa haraka zaidi.

Yule ndugu msomaji ni muislamu kwa jinsi alivyoandika, basi naomba nimkumbushe kwa heshima. Kumi la mwisho la Ramadhani wanaume wanaingia msikitini itikafu, wanaacha nyumba, wanaacha biashara, wanakaa na Mola wao, na sijasikia familia imempeleka mtu hospitali kwa sababu hiyo, tunawapelekea futari na tunawasifu. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kabla ya wahyi alikuwa anapanda peke yake kwenye pango la Hira anakaa huko siku kadhaa, na bibi Khadija, Mungu amridhie, alikuwa anamfungia chakula. Anamfungia chakula! Hakumpa mtu wa kukaa naye. Silinganishi, astaghafirullah, nasema tu kwamba kujitenga kidogo si jambo la kigeni kwetu wala halikuletwa na wazungu wa yoga pale bichi.

Kuna wazee wanaopotea kweli, hilo sikatai. Nina jamaa yangu alikuwa anatoka hajui amevaa nini, anasahau njia ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, huyo anahitaji mtu na alipewa mtu. Anayepotea na anayeenda wanajulikana, mmoja hajui arudi vipi, mwingine anajua mpaka maji yatakupwa saa ngapi wiki ijayo. Muulizeni kwanza kabla ya kumfungia mlango. Na wale mliofiwa na mtu nyumbani, mjane akishamaliza kuwapikia wageni wote na kusikiliza pole zote, mpeni asubuhi moja asiulizwe.

Jambo jingine dogo kabla sijamaliza, nalo linahusu mikoko hiyo hiyo. Kila mwaka inapofika 26 Julai, siku ya mikoko duniani, kunakuwa na shughuli za kupanda miche huku pwani, watu wanakuja na fulana mpya na hotuba na spika kubwa, wanapanda wanapiga picha wanaondoka. Kupanda ni kuzuri, nchi yetu ina mikoko mingi kwenye delta ya Rufiji kuliko mahali pengine popote na ukiisikia inavyokatwa unahuzunika. Ila naomba waandaaji wawaulize wenyeji mti gani unakaa wapi, maana ukichomeka mkoko mahali pa mchu unakufa, nimeona miche imekauka imesimama kwa mistari. Pale ambapo watu wameacha kukata na maji yanaingia na kutoka vizuri, mikoko inajipanda yenyewe, mama yangu hakupanda hata mmoja na msitu ulikuwepo. Na spika jamani, spika ya nini? Mnamhutubia kaa? Zile siku mi siendi, na wale korongo pia nadhani hawaji.

Sasa kilichonifanya niandike haraka badala ya kuacha hasira ipoe ni hiki. Juzi majirani wanne, wote wajane au walioachika, wamekuja kwangu jioni. Wamesema wameona nimetulia siku hizi, uso umekunjuka, na wao wanataka kwenda mikokoni. Nikafurahi, nikaanza kuwaeleza habari za maji na viatu. Kabla sijamaliza mmoja akatoa daftari. Wameshapanga kiwe kikundi, kiingilio elfu tano, kila mwezi mchango wa usafiri na chai, kitenge cha sare wameshakiona dukani ni cha kijani, tutakwenda wote pamoja kila Jumamosi, bamvua au maji mafu wao hawajali, kutakuwa na mtu wa kupiga picha na kundi la wasapu la kukumbushana. Katibu wamempata, mweka hazina wamempata. Mi wamenipa uenyekiti.

Nimewajibu kwamba njia nitawaonyesha, mmoja mmoja, kila mtu siku yake, na kitenge wanaweza kushona kwa harusi. Uenyekiti nimekataa. Wameondoka wamenuna na nimesikia wanasema ni kweli yule ndugu wa gazetini alichoandika.

Ni mimi msomaji wenu,
Muuza vitumbua,
Bagamoyo.